Stoo ya Mama Neema Haikuwa na Dirisha

Vijana wangu, nawasikia mnavyolalamika. Mnakaa pale kijiweni mnasema Arusha hii nyumba mpya ya mtu wa kawaida haipatikani. Ukitaka kupanga unapewa chumba chenye masharti kuliko bweni la shule, ukitaka kununua unaonyeshwa kasri. Viwanja vimepanda, saruji imepanda, bati limepanda. Yote ni kweli, sibishi. Lakini mmesahau sababu moja, nayo ndiyo inayonifanya niwaandikie hapa. Nimekuwa mwashi kwa miaka thelathini na nane, kuanzia Momela mpaka Njiro, na nyumba nyingi mnazozitafuta ziko chini ya ardhi. Nilizizika mwenyewe kwenye misingi.

Mke wangu amesoma hayo kwa juu ya bega langu akacheka kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mwacheni. Na mimi ninayo nyumba yangu, ya vyumba saba, imebaki kidogo tu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Zefania, fundi wa zamani wa pale Usa River, mtu mfupi aliyetembea na timazi kwenye mfuko wa koti hata siku ya ibada. Aliniambia mchanga usiuamini kwa macho. Uweke kwenye chupa, tia maji, tikisa, acha utulie. Tope likitulia juu ya mchanga unene wa kidole, mrudishie dereva mchanga wake, hata kama ni shemeji yako. Mimi nilimwamini dereva mmoja kwa sababu alinisalimia vizuri, na ukuta wa yule mteja ukawa unapukutika kila mtu akiegemea. Walikuwa wanakoga vumbi sebuleni.

Zamani hatukuwa na hivi vitaa vyenu vyekundu vya kupimia usawa. Tulikuwa na mpira mwembamba wa maji, huyu anashika kona hii, mwenzake kona ile, maji yakitulia mnatia alama. Siri yake ni moja: hakikisha hakuna povu la hewa ndani ya mpira. Sikuhakikisha. Ipo nyumba Tengeru ambayo ukiweka yai mezani linaondoka lenyewe kwenda upande wa jikoni. Mwenye nyumba alinipigia simu, nikamwambia ndivyo nyumba za kisasa zilivyo.

Ila somo kubwa la Mzee Zefania halikuwa la mchanga wala la maji. Kabla hajachomeka kigingi hata kimoja, alimsimamisha mteja katikati ya kiwanja na kumuuliza, "Watakaolala humu ni wangapi?" Mteja akisema yeye, mkewe na watoto wawili, mzee anajibu, "Basi vyumba viwili," na anaanza kupima. Wateja walinuna. Wengine walimkimbia wakaja kwetu sisi mafundi wenye mawazo mapana. Mzee Zefania amekufa akiwa amemaliza kila nyumba aliyoianza, na hakuna anayemsifu kwa sababu nyumba zenyewe ni ndogo na zina watu ndani.

Sisi wenye mawazo mapana tulisifiwa sana. Niliwahi kuitwa Njiro na bwana mmoja mwenye cheo, akataka tuanze na ukuta wa uzio na geti, nyumba baadaye. Akataka na simba wawili wa saruji juu ya nguzo. Sasa mimi nimekulia kandokando ya hifadhi ya Momela, na hifadhi yetu ina twiga, ina nyati, ina mbega, lakini simba haina. Simba nilikuwa namjua kwenye jalada la daftari. Nikaazima sura ya mbwa wa jirani, nikamwongezea nywele na heshima kidogo. Mke wa yule bwana alipokuja kuona aliuliza kwa nini tumewaweka wazee wa kanisa wawili getini. Fedha ziliishia hapo hapo kwenye geti. Mpaka leo ukibonyeza kengele anatoka mlinzi mwenye sare na kukwambia mwenyewe hayupo, na nyuma yake ni mahindi.

Hiyo ya Njiro huwa naicheka. Ya Mama Neema sikuicheka kwa miaka sita.

Mama Neema alikuwa anafanya kazi kwenye shamba la maua hapa Usa River, upande wa kufungasha. Alipanga chumba kimoja yeye na binti yake Neema, kwa mwenye nyumba aliyekuwa anahesabu vichwa asubuhi kama anahesabu kuku. Sharti lilikuwa mtu mmoja na mtoto mmoja, akilala wa tatu mnahama wote. Na wa tatu alikuwepo. Mama yake mzazi alikuwa anaishi peke yake huko juu mlimani, Mulala, kwenye baridi, miguu imeanza kumgomea. Mama Neema alitaka kumshusha akae naye. Alikuwa amejinyima mpaka akapata kiwanja chake kidogo, akanitafuta.

"Fundi," akaniambia, "nataka vyumba viwili na kibaraza. Kibaraza kiangalie mlima, maana mama amezoea kuuona akiamka. Mvua za masika zisimkute kule juu."

Vijana, angalieni jinsi kazi ilivyokuwa nyepesi. Watu watatu, vyumba viwili, mlima upande wa kaskazini. Mzee Zefania angechomeka vigingi, angenywa chai, angeondoka.

Tulichomeka vigingi saa mbili asubuhi, siku ya Jumamosi, na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu Jumamosi watu wanapita. Wa kwanza kupita alikuwa jirani, anapeleka majani kwa ng'ombe wake. Akasimama, akaangalia kamba zetu, akauliza kwa upole kabisa, "Hongereni. Mnaanza na choo?"

Mama Neema aliangalia chini. Na mimi, badala ya kusema hapana, hii ndiyo nyumba, niliona aibu kwa niaba ya taaluma nzima. Nikajibu, "Tunapima tu kwanza," na alipoondoka nikasogeza vigingi hatua mbili kila upande.

Saa nne akapita mzee wa kanisa wa mtaa wao. Akapima sebule kwa macho, akatikisa kichwa. "Mama Neema, ibada za nyumba kwa nyumba zikifika zamu yako tutakaa wapi? Sisi ni watu arobaini, na wanakwaya wanataka kusimama." Nilisogeza vigingi. Saa sita akaja shemeji yake, akauliza wageni kutoka Dar watalala wapi. Hakuna mtu wa Dar aliyewahi kuja, na hata leo hajaja, lakini tulimtengea chumba. Saa tisa akapita binamu yake akauliza gari litaingilia wapi. Mama Neema alikuwa hana hata baiskeli. Tukaacha njia ya gari.

Kila nilipokuwa nachomoa kigingi nilimwambia maneno matamu. Nilimwambia nyumba hujengi mara mbili. Nilimwambia chumba kikubwa, masta, lazima kiwe na choo chake ndani. Nilimchorea paa lenye migongo saba kwenye mfuko wa saruji. Jioni ilipofika kigingi cha mwisho kilikuwa kimegusa masale ya mpakani kwa jirani, na kile kibaraza cha kuangalia mlima tulikuwa tumekigeuza kiangalie barabara ili wapita njia waione sura ya nyumba. Siku nzima hakuna aliyeuliza watalala wangapi. Kuuliza ilikuwa kazi yangu.

"Fundi, nitaweza kweli?" aliniuliza tunakusanya kamba.

"Mama, tutakwenda kidogo kidogo," nikamjibu. Maneno hayo matatu, tutakwenda kidogo kidogo, ndiyo yamejaza mapagale kuanzia Usa mpaka Kisongo.

Sasa, kawaida ya saiti mnaijua. Kabla ya msingi unajenga stoo ya kuwekea saruji, mvua isiilowanishe. Ile stoo niliijenga kwa siku tisa, bila ramani, bila kamba nyingi, kwa tofali zilizobakia kwenye kazi nyingine. Vyumba viwili, kimoja cha saruji, kingine cha vifaa. Mlango niliuweka upande wowote uliokuwa karibu. Dirisha sikuweka, stoo yenye dirisha ni zawadi kwa wezi.

Halafu tukachimba msingi, na ule udongo mweusi wa pale ulitaka tushuke sana kabla hatujapata pagumu. Mawe yaliingia, yakaingia, yakaingia. Zege likaingia. Mchungaji akaja akaombea msingi, na watu wakasema hawajaona msingi wa maana namna ile mtaani kwao. Ulikuwa msingi mzuri, nasema bila unyenyekevu. Ulibeba sifa zote na akiba yote ya Mama Neema, na juu yake hapakupanda hata kozi moja ya tofali. Masika yalikuja. Mama yake alikuwa bado yuko mlimani.

Nikahamia kazi nyingine. Nikaanza kupita njia ya nyuma nikielekea sokoni, ile ya kuzunguka mfereji, inayoongeza nusu saa. Mke wangu akaniuliza kwa nini viatu vina tope siku zote. Nikasema natafuta mazoezi.

Nilikuwa napata habari zake kwa watu tu. Kwamba amehamia kwenye stoo na Neema, akamwachia yule mwenye nyumba chumba chake cha kuhesabu vichwa. Kwamba vyumba vya msingi vimejaa udongo na amepanda mboga humo. Jamaa mmoja aliniambia amepita pale akamsikia Mama Neema akimtuma binti, "Nenda masta ulete mchicha, upitie dainingi uchume na bamia." Watu kijiweni walicheka mpaka wakashika miti. Mimi niliaga mapema.

Nilipostaafu, magoti yakiwa yamekwisha, nikapokea simu. Mama Neema. "Shikamoo fundi. Mama anataka kukuona." Nikauliza mama yupi. Akasema mama yake, alikuwa ameanguka mgombani huko Mulala, watu wa huko wakamteremsha kwa gari, na sasa yupo naye pale kwenye stoo, huu mwezi wa pili.

Nilivaa koti la kanisani. Nilijiandaa kusemwa, na nilistahili. Njiani nilitunga utetezi kuhusu bei ya nondo, nikauacha pale kwenye daraja kwa sababu haukuwa na miguu.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pa stoo, amejifunika shuka mbili. Nikainama, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba, akanishika mkono, hakuuachia.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo mimi, mama."

"Umemjengea mwanangu nyumba nzuri," akasema. "Haivuji. Haina baridi. Vyumba viwili, kimoja chao, kimoja changu. Na bustani umemzungushia mawe, kuku hawaingii. Ila hiyo bustani umeigawa vipande vingi mno. Ya nini vile?"

Nilimwangalia Mama Neema. Alikuwa anapepeta mchele kwa bidii kubwa, mabega yanatikisika, na nikajua hakuwahi kumwambia. Nikasema, "Ni ili mboga zisichanganyike, mama."

"Hapo sawa," bibi akasema.

Kisha nikageuka kuangalia alichokuwa anakiangalia, na vijana, nilikaa chini bila kukaribishwa. Ule mlango nilioutupa upande wowote ulikuwa unatazama mlima. Meru yote, kuanzia migomba mpaka kilele, imekaa katikati ya fremu. Nilikuwa nimemjengea Mama Neema kila alichoniomba, kwa siku tisa, bila kujua, halafu nikatumia mwaka mzima kumjengea bustani. Nililia kidogo. Nikasema ni moshi, ingawa jiko lilikuwa halijawashwa.

"Lina kasoro moja tu jengo lako," bibi akaniambia. "Mlango ukifungwa kwa ajili ya baridi, siuoni mlima. Nakaa gizani mpaka Neema arudi kutoka shule. Unaweza kunitobolea dirisha?"

Nikamwambia nimestaafu. Akasema yeye hajauliza hilo.

Kesho yake nilitoa vifaa chini ya kitanda nikarudi. Hapa naomba mwandike. Ukitoboa dirisha kwenye ukuta uliokwisha kusimama, usianze na shimo, vijana wengi wanaanza na shimo na ukuta unawashukia kifuani. Anza juu. Kata mfereji mwembamba mahali kichwa cha dirisha kitakapokuwa, ingiza nondo na zege upande wa nje, lishike, kisha fanya hivyo hivyo ndani. Subiri siku zake zote. Ukishakuwa na kitu cha kubeba mzigo juu, ndipo ushuke kutoa tofali moja moja. Nilifanya hivyo kwa wiki tatu, napumzika kila baada ya tofali mbili, bibi ananisimamia na kunielekeza, ingawa maelekezo yake yalikuwa ya kupika.

Siku dirisha lilipofunguka, Mama Neema alikuja na wenzake wanne kutoka shambani, wale anaofungasha nao maua. Nilidhani wamekuja kuona msingi, maana watu huja kuuona. Waliupita wakaingia stoo. Mmoja alitanua mikono akapima ukuta kwa ukuta. Mwingine akafungua dirisha, akalifunga, akalifungua.

"Fundi," yule wa dirisha akasema, "na mimi nataka stoo."

"Ya saruji?" nikamuuliza.

"Ya mimi na watoto."

Wote wanne walitaka stoo. Wamepanga vyumba vyenye masharti kama alivyokuwa mwenzao, wanalipa miaka na miaka, wanaogopa kuanza kwa sababu wakifikiria nyumba wanafikiria migongo saba. Tukaingia kwenye msingi na kamba. Nikapima sebule ya watu arobaini, nikapima chumba cha mgeni wa Dar, nikapima njia ya gari. Zinatoka nyumba nne za vyumba viwili viwili, msingi tayari, mgumu kuliko wanavyohitaji. Mama Neema alikubali, watamlipa eneo taratibu. Bibi peke yake ndiye aliyeweka pingamizi. Masta haijengwi, akasema, ndiyo yenye mchicha. Kwa hiyo zitakuwa tatu, na wa nne tunamtafutia kona kwa jirani wa majani ya ng'ombe, ambaye siku hizi hataji tena habari ya choo.

Ndiyo sababu nawaandikia. Magoti yangu hayatamaliza nyumba tatu. Njooni na miiko yenu ya kujengea, na vile vitaa vyenu vyekundu pia, nimeshavikubali. Kazi ni ya wiki chache, haina simba, haina migongo saba, na hamtapigwa picha. Chomekeni vigingi siku ya Jumanne. Na akipita mtu akauliza kama ni choo, mwambieni ni nyumba, mwendelee kupima.

Limebaki moja, nalo mke wangu ameniambia nisipoliandika yeye ataliandika.

Nilirudi kutoka kwa bibi siku ile ya dirisha, nimejaa vumbi na furaha. Nyumba yangu ya vyumba saba niliyowatajia pale mwanzo, iliyobaki kidogo, kidogo chenyewe ni kuta na paa. Msingi upo, mzuri sana, tunavuna maharage sebuleni. Tunaishi kwenye stoo, mimi na Mama Anaeli, huu mwaka wa ishirini na mbili, na kila mgeni nimemwambia kuwa ni kwa muda tu. Anaeli amekulia humo, ameolewa akitokea humo. Mchana tunawasha taa.

"Mama Anaeli," nikamwambia, "nafikiri kutoboa dirisha."

Aliweka chini bakuli la loshoro, makande ya maziwa mgando, alilokuwa ananiletea, akaenda ukutani, akaiondoa kalenda kwenye msumari. Kalenda zetu siku zote zimekaa pale pale, na sikuwahi kuuliza kwa nini. Nyuma yake ukutani palikuwa na mraba umechorwa kwa mkaa, mkaa wa zamani uliofifia, umepitiwa upya mara nyingi. Nikachukua futi nikaupima. Pembe zake zote nne zilikuwa sawa.